Jinsi ya Kuringa kwa Dengu

Kabla hujaloweka dengu, amua unamringia nani. Hapa ndipo vitabu vya mapishi vinapowapoteza watu: vinaanza na vipimo, kana kwamba mtu huamka tu asubuhi pale Mwandoni akatamani dengu za pinki. Humusi ya kumringia wifi si humusi ya kumringia jirani. Wifi anakuja kula, kwa hivyo anawekewa bakuli moja lenye ladha. Jirani anakuja kuona, kwa hivyo anawekewa mabakuli matatu, la pinki, la chungwa na la kijani, na yanapangwa karibu na dirisha. Bosi wa kazini ni fungu la tatu, na ushauri wangu ni umpelekee biriani.

Mwongozo huu ni wa watu wa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa: Likoni, Kisauni, Changamwe. Wale wa Nyali, upande wa baharini, huinunua tayari kwenye kikopo chenye mfuniko, nao hawana haja ya kufundishwa maringo. Huku kwetu humusi hutengenezwa kwa mkono, kwa maji ya mkokoteni na stima ya kubahatisha, na mtu akifaulu ana haki ya kutembea kifua mbele mpaka Ijumaa ijayo.

Humusi yenyewe, kwa ambaye hajakutana nayo, ni dengu zilizochemshwa zikalainika, kisha zikasagwa pamoja na ufuta, ndimu, kitunguu thomu na chumvi. Basi, hakuna siri nyingine. Watu wa Sham wanaila tangu enzi, na vitabu vya mapishi vilivyoandikwa Kairo karne ya 13 na 14 vina vyakula vya ukoo wake. Sasa isome tena hiyo orodha, polepole. Dengu ndizo hizohizo zinazosagwa unga wa bhajia na kuvishwa viazi karai. Ufuta, Lamu na Zanzibar zamani waliukamua uto kwa kinu kilichozungushwa na ngamia. Ndimu na thomu hazikosekani hata jikoni kwa kapera. Hakuna hata kimoja kilichoshuka na ndege pale Changamwe. Kwa hivyo utakachokitengeneza leo si chakula kigeni. Chote unacho tayari. Unachotengeneza ni ringo, na dengu ni za kulibebea tu.

Na usilidharau ringo la humusi, maana mataifa mazima yamelivalia njuga. Mwaka 2008 wafanyabiashara wa Lebanoni walianza kulalamika kwamba Israeli inauza humusi duniani kana kwamba ni mali yake, wakataka jina lilindwe Ulaya jinsi Wafaransa wanavyolinda shampeni. Januari 2010 wapishi wa Abu Ghosh, mji wa Waarabu ulio karibu na Jerusalemu, walijaza dishi la setilaiti kwa humusi ya zaidi ya kilo 4,000 na kuchukua rekodi ya dunia. Mei mwaka uleule Walebanoni wakajibu kwa sahani ya kilo 10,452. Tarakimu hiyo haikuja kwa bahati: ndiyo idadi ya kilomita za mraba za nchi yao. Kaunti ya Mombasa ikiingia kwenye ugomvi huo kwa hesabu hiyohiyo, itatakiwa isage kilo 200 na ushei, yaani harusi moja ya Kisauni, na madishi juu ya mabati tunayo ya kutosha.

Haya, sokoni. Nenda Kongowea, ambayo kila mtu wa Kisauni huihesabu yake hata kama ramani ya majimbo iliipeleka Nyali tangu uchaguzi wa 2013. Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla bitiruti hazijanyong'onyea. Utazikuta dengu za aina mbili. Ziko ndogo za kahawia zenye ngozi ngumu, za namna inayolimwa sana Shinyanga na Mwanza kwenye udongo mweusi unaohifadhi unyevu baada ya mvua kwisha. Hizo ni nzuri kwa unga. Ziko kubwa, nyeupe kwa mbali, zenye kipua kama zimechongwa. Chukua kubwa, robo kilo. Na utamke vizuri: ukisema ndengu utafungiwa pojo, na pojo za kusaga zina rangi moja tu, nayo haiko kwenye mpango wetu.

Muuzaji atakuuliza wapika nini. Usimjibu kweli. Ukisema humusi, bei ya bitiruti itapanda hapohapo. Sema una mgonjwa wa damu nyumbani. Bitiruti na upungufu wa damu ni ndugu katika fikra za kila mama mboga kuanzia Magongo hadi Mtongwe, na huenda akakuongezea moja ya bure.

Ufuta uliosagwa, yaani tahini, uko kwenye supamaketi, rafu ya juu, kichupa kilichopigwa vumbi, na bei yake imeandikwa kwa wino mdogo kwa sababu ya haya. Usikinunue. Vuka uende Marikiti kisiwani, kwa wauza bizari, ukanunue ufuta mkavu robo kilo. Ukifika nyumbani uchague mawe, uukaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo huku ukikoroga, mpaka uanze kunukia na punje mojamoja ziruke. Hapo epua. Ukingoja uwe wa kahawia umekwisha, utakuwa mchungu, na uchungu wa ufuta hauondolewi na ndimu wala dua. Usage ungali na joto, uutilie mafuta kijiko kimoja kimoja mpaka ulegee na kumiminika. Blenda itafanya kwa dakika chache. Kinu na mchi vitafanya kwa muda mrefu zaidi, lakini kishindo chake kitasikika nyumba ya nne, na hilo, kumbuka, ndilo tunalolitafuta.

Sasa maji. Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu humusi nyingi za ng'ambo hufia hapa na lawama hupewa dengu.

Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba. Ni safari ndefu, na si ajabu yakifika yamechoka au yasifike kabisa. Siku hizo mtu huamkia mkokoteni wa mitungi ya lita 20, na ndani ya mtungi mara nyingi ni maji ya kisima. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Ukilowekea dengu kwenye maji ya chokaa na kuzipikia humohumo, chokaa hiyo hushikana na pektini, ile gundi inayoziweka dengu pamoja, ikaikaza badala ya kuiachia. Utachochea makaa kutoka Adhuhuri hadi Alasiri, na dengu zitakuangalia tu, nzima, zinang'aa, kila moja na kipua chake.

Dawa yake wazee waliijua walipokuwa wakipika maharagwe: magadi. Tia nusu kijiko cha chai cha bekingi soda kwenye maji ya kulowekea, uziache usiku kucha, kwa sababu zitavimba karibu mara mbili na zinahitaji nafasi. Asubuhi umwage maji hayo, uzioshe, uzipike kwa maji mapya na soda kidogo zaidi, robo kijiko. Soda huvunja ile gundi na ngozi zenyewe huanza kuvuka. Usizidishe. Humusi iliyozidi soda hunuka sabuni ya kufulia, na hakuna rangi ya mboga itakayoificha. Kwenye sufuria ya kawaida zitachukua saa moja hadi moja na nusu. Kwenye sufuria ya presha chini ya hapo sana. Zimeiva pale unapobonyeza moja kwa kidole na kidole cha gumba ikasagika bila ubishi. Zikibisha, rudisha.

Ngozi zinazoelea juu ziopolewe. Zilizobaki zinataka kumenywa mojamoja, kazi ambayo mtu mzima mwenye akili zake hafanyi. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu akaleta watoto wa ndugu. Waambie ni mashindano.

Wakati wao wanashindana, ponda punje mbili za thomu, uzitie kwenye maji ya ndimu mbili na chumvi, uache dakika kumi. Ukali wa ndimu hutuliza ule ukali wa thomu unaomfuata mtu hadi msikitini. Kisha blenda: kwanza ufuta uliosagwa, vijiko vinne au vitano vya kulia, pamoja na ile ndimu ya thomu, mpaka mchanganyiko uwe mzito na mweupe. Tia maji ya barafu kidogo kidogo. Barafu ina kazi, si maringo: inaufanya ufuta uumuke na kuwa laini. Ndipo dengu ziingie, na jira nusu kijiko. Acha blenda izunguke muda mrefu kuliko unavyodhani inastahili.

Isipokuwa stima zitapotea.

Zitapotea, usijidanganye. Mkaazi wa Changamwe anaweza kuwa anaviona vinu vya umeme vya Kipevu kutoka mlangoni kwake na bado akasaga dengu gizani. Wala usitafute wa kumlaumu haraka. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikakaa bila stima kwa saa kadhaa. Tumbili akanusurika. Hakuna aliyehesabu humusi zilizokatikia njiani siku ile. Kwa hivyo fanya hivi: saga dengu za moto, kwa mafungu madogo, anza mapema, na kinu kiwe kimeoshwa na kiko tayari pembeni. Humusi ya kinu huwa na vichembechembe. Mbele ya mgeni vichembe hivyo vina maelezo yake: sema ni ya kienyeji.

Umefika penye rangi, na hapa naona nikae, kwa sababu rangi ndiyo iliyokuleta.

Lakini kwanza tuondoe majaribu. Ndani ya kabati lako, nyuma ya iliki na mdalasini, kuna kijaluba cha rangi ya biriani. Ukoo wake ni ule unaoyapaka mabuyu wekundu mpaka mtoto akirudi shule ulimi wake unamsemea. Chembe moja ya unga ule ingekupa kwa nukta moja kile ambacho bitiruti itakugharimu saa nzima. Hakuna atakayejua. Lakini utakuwa umepoteza neno "mboga", na bila neno hilo huna cha kusema mgeni atakaponyanyua nyusi. Rudisha kijaluba.

Pinki hutoka kwa bitiruti moja ya kadiri kwa ile robo kilo ya dengu. Usiimenye wala usiikate mkia. Ichemshe nzima na kishina cha majani kikiwa juu, kwa sababu ukiijeruhi itamwaga rangi yote kwenye sufuria na wewe utabaki na kitu cha kijivu chenye ladha ya udongo. Ikishaiva, ngozi itateleza kwa kusuguliwa tu. Isage peke yake kwanza na tone la ndimu, kwa maana wekundu wake huishi vizuri penye ukali na hufifia penye moto mrefu. Ndipo uichanganye, kijiko kwa kijiko, ukisimama pale moyo unapoanza kusita. Mikono yako itatoka kama ya bi harusi aliyepakwa hina na fundi mwanagenzi. Vaa leso usiyoipenda.

Hili lisiachwe: watu wengine wakila bitiruti, kesho yake asubuhi msalani huona wekundu unaotisha. Si damu, ni rangi inapita njia yake. Wifi mwambie mapema. Jirani unaweza kumwacha agundue mwenyewe.

Chungwa lina njia mbili, karoti au boga. Kuzichemsha ni kosa, zinanywa maji na humusi inakuwa uji. Zinataka kuokwa, na asiye na ovena asijinyonge, kwa sababu tunapika mkate wa mchele bila ovena tangu wazazi wa wazazi wetu. Weka vipande vya karoti kwenye sufuria kavu na mafuta kidogo, funika kwa sinia, makaa machache chini, uyapalie mengi juu. Nusu saa au zaidi, mpaka kingo zianze kuungua kidogo na utamu utoke. Boga hufanyiwa vivyo hivyo, lakini ujiandae: nyumba yenye mtu mzima ndani haiwezi kuona boga bila kuuliza tui liko wapi.

Na uangalie kalenda. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu katiba, ndizi ikiwa alama ya kukubali na chungwa alama ya kukataa. Chungwa likashinda, kisha likawa chama, na tangu siku hiyo hakuna chakula cha rangi ya chungwa kilicho huru Mombasa. Ukitia bizari ya manjano kwenye bakuli la pili, mtu atakumbuka wilibaro ya kampeni za 2022, na mazungumzo ya mezani yatahamia bei ya unga. Katika mwaka wa uchaguzi toa pinki peke yake. Pinki haijapata kugombea kiti.

Kijani ndiyo rangi ya hila. Chukua spinachi au mchicha, majani matupu, uyadumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, uyatoe haraka uyatie kwenye maji ya barafu, uyakamue kwa nguvu zako zote. Uyasage na fungu la kotmiri. Adui wa kijani ni ndimu: ukali huuharibu ule ukijani na joto huusaidia kazi, na baada ya saa chache bakuli lako litakuwa la kaki. Kwa hivyo humusi ya kijani tia ndimu mwisho kabisa, mgeni akiwa ameshavua viatu. Sukuma wiki usijaribu. Ina nyuzi, na mgeni atakayebakiwa na uzi kwenye meno atausahau uzuri wote.

Wekundu wa hoho iliyochomwa juu ya makaa mpaka ngozi ikawa nyeusi, ikafunikwa ikajitolea jasho, ikamenywa, ni mtamu kuliko rangi zote nilizozitaja. Siuwekei maelezo marefu kwa sababu hoho nyekundu ikipatikana kwa bei ya maana nyote mtaniwahi.

Kupamba ni kazi fupi. Tandaza humusi kwenye sahani isiyo na kina, uzungushe mgongo wa kijiko kufanya mfereji, umimine mafuta ya zeituni ndani yake. Zeituni nyumbani unayo, ila iko chumbani, kichupa kidogo cha kumkandia mtoto na kupaka nywele. Hakikisha ni ile ya kulika na haijachanganywa na habasoda. Nyunyiza pilipili ya unga, dengu tatu nzima na jani la kotmiri. Piga picha sasa, kabla mtu hajachovya, kwa maana humusi iliyochovywa mara moja haipigiki tena.

Ya kuchovyea, sahau vijiti vya tango vya picha za mitandaoni. Mkate wa mofa ukiupata moto, chapati iliyokatwa pembe, krisp za muhogo zile za pilipili na ndimu zinazouzwa karibu na feri ya Likoni. Viazi karai pia vinaingia, ingawa hapo kiazi kilichovishwa dengu kinachovywa kwenye dengu, na sijui mpishi atajiteteaje.

Kusafirisha ni somo peke yake. Humusi haipendi joto la Mombasa. Ikikaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kwenye joto la Februari hata moja, usimpe mtu unayemtakia mema. Mwenye kuivusha Likoni aipange safari yake nje ya ile saa ya watu kutoka kazini, bakuli liwe ndani ya ndoo yenye barafu, na ndoo ibebwe kifuani, si kichwani. Pinki ikimwagika ndani ya feri, katikati ya watu waliobanana, kila mtu ataangalia miguu yake kwanza na kupiga kelele baadaye. Wa Changamwe anayekwenda kwa wakwe Likoni ana barabara ya Dongo Kundu, ambako haipandwi feri; na ikiwa wakwe wako wako Shika Adabu, basi jina la mtaa limeshakupa mwongozo uliobaki.

Mwisho wa yote yuko bibi. Kila nyumba yetu ina mmoja, amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, na hapiti mtu na sahani bila kukaguliwa. Mazungumzo yatakwenda takriban hivi.

"Mwanangu, ni nini hiyo?"

"Humusi, bibi."

"Mbona ina rangi ya dawa ya kikohozi?"

"Ni bitiruti, bibi. Ni mboga."

"Na yaliwa na nini?"

"Yachovywa mkate."

"Mchuzi wake?"

"Haina mchuzi, bibi. Ndiyo yenyewe hivyo."

Ataonja kwa ncha ya kidole. Atanyamaza. Atatazama dari.

"Kwa hivyo ni dengu zilizorojeka," atasema, "nawe hukuzitia nazi."

Usibishane. Usimtajie Kairo wala kilo 10,452. Sema, "Kweli, bibi, wakati mwingine nitatia," uendelee kutembea na sahani mpaka sebuleni. Ringo halijavunjika; limepunguzwa tu ukubwa, kama bibi anavyopunguza kila kitu kipitacho pale mlangoni, kuanzia suti za wajukuu hadi ahadi za wabunge.

Kutakuwa na mabaki. Jirani atakuwa ameangalia sana na kula kidogo, wifi atakuwa amekula pinki na kuiacha kijani. Yaweke kwenye friji usiku mmoja. Kesho yake changanya mabakuli yote matatu kwenye karai moja bila kuheshimu rangi, katakata kitunguu maji na pilipili mbichi, tia kotmiri iliyobaki, na unga wa dengu kiasi cha kuufanya mchanganyiko ushikamane kwenye kijiko. Pasha mafuta mengi. Dondosha tone kwanza: likizama na kukaa chini, ngoja; likipanda juu likitoa mapovu, anza kukaanga. Rangi zote ulizozihangaikia zitageuka kahawia ndani ya dakika mbili, isipokuwa kidogo cha pinki katikati, ambacho kitaonekana mtu akishauma. Watoto waliomenya ngozi walipwe kwanza. Jirani akituma mwanawe na sahani tupu kuuliza kama zimebaki, zimebaki. Mpe, na ukwaju wake pembeni.